Ufuatiliaji wa Shina la Ubongo Wakati wa Upasuaji wa Kisogoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Tanga

Familia nyingi za Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe husikia habari za ufuatiliaji huu kwa mara ya kwanza mgonjwa wao anapoondoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, akiwa na barua ya rufaa ya kwenda kwa mabingwa wa upasuaji wa ubongo jijini Dar es Salaam. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayorudiwa na ndugu wa wagonjwa, pamoja na machache ya wauguzi na maofisa tabibu wanaotakiwa kuyajibu. Hakuna jibu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya mazungumzo na daktari anayemtibu mgonjwa wako.

## Misingi

Shina la ubongo ni nini, na kwa nini linahusika ikiwa uvimbe uko kwenye serebelamu?

Shina la ubongo ndilo linalounganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Lina sehemu tatu: ubongo wa kati kwa juu, ponsi katikati na medula chini. Humo ndimo zilimo njia zote zinazopeleka amri za mwendo mwilini na kurudisha hisia kichwani, na humo pia vimo vituo vinavyoongoza upumuaji, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kumeza na hali ya kuwa macho. Kati ya jozi 12 za neva za fuvu, zote isipokuwa mbili za kwanza zimeungana na shina hili.

Serebelamu, inayosimamia mizani na ulinganifu wa mwendo, imelala nyuma ya shina hilo, kisogoni, na kati yao kuna chumba kidogo cha maji ya ubongo kinachoitwa ventrikali ya nne. Nafasi yote hiyo ni finyu na imezungukwa na mfupa. Uvimbe unaoota kwenye serebelamu au ndani ya ventrikali ya nne mara nyingi huwa umeligusa au kulisukuma shina, na daktari anayeuondoa hufanya kazi milimita chache tu kutoka mahali ambapo jeraha dogo linaweza kumwachia mgonjwa ulemavu wa kudumu.

Ufuatiliaji wenyewe ni nini hasa?

Mgonjwa akiwa katika nusukaputi hawezi kusema kwamba haoni vizuri, hasikii, au mkono umekufa ganzi. Ufuatiliaji ni njia ya kuziuliza neva na njia za shina moja kwa moja, kwa umeme na kwa sauti, huku upasuaji ukiendelea. Mtaalamu hubandika au kuchomeka elektrodi nyembamba (vipande vya chuma vya kupitisha na kupokea umeme) kwenye ngozi ya kichwa, usoni, mikononi na miguuni, kisha huchochea sehemu moja na kupima jibu mahali pengine. Jibu likichelewa, likipungua au likipotea, hutoa taarifa wakati ambapo bado kuna kitu cha kufanya.

Neno la kushika hapa ni wakati. Kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla ya upasuaji huonyesha uvimbe ulipo, na uchunguzi wa baada ya upasuaji huonyesha kilichotokea. Ufuatiliaji ndio unaosema kinachotokea sasa, dakika kwa dakika.

Ni jambo jipya la majaribio?

Hapana. Mwaka 1898 daktari Fedor Krause wa Ujerumani alichochea neva ya uso kwa umeme akiwa anapasua karibu na neva ya kusikia, akaona uso wa mgonjwa ukicheza. Mwaka 1901 Harvey Cushing alieleza jinsi shinikizo ndani ya fuvu linavyopandisha shinikizo la damu na kupunguza kasi ya moyo, ishara ambayo wataalamu wa usingizi wanaiangalia mpaka leo. Mawimbi ya kusikia ya shina la ubongo yalielezwa kwa ukamilifu na Jewett na Williston mwaka 1971, na mwaka 1980 Merton na Morton walionyesha kwamba ubongo wa binadamu unaweza kuchochewa kutoka nje ya fuvu hadi misuli ikaitika.

Ni upasuaji gani unaohitaji ufuatiliaji wa aina hii?

Kwa watoto, ni hasa uvimbe wa medulablastoma, ependimoma na astrositoma ya serebelamu, ambao hujitokeza kwa maumivu ya kichwa na kutapika asubuhi, kupepesuka na wakati mwingine kichwa maji. Kwa watu wazima, ni uvimbe wa neva ya kusikia na mizani, meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) za eneo hilo, na upasuaji wa kuutenganisha mshipa wa damu na neva kwa wenye maumivu makali ya uso au uso unaojikunyata wenyewe upande mmoja.

Si kila upasuaji wa kisogoni unauhitaji kwa kiwango kile kile. Uvimbe ulio pembeni mwa serebelamu, mbali na shina, unaweza kuondolewa kwa usalama bila vipimo vyote vilivyoelezwa hapa.

## Vipimo vyenyewe

Kipimo cha kusikia kinasaidiaje ikiwa tatizo si masikio?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Njia ya kusikia huingia kwenye shina pale ponsi na medula zinapokutana, ikapanda ponsi yote hadi ubongo wa kati. Kwa hiyo sauti inatumika kama msafiri anayepita eneo lile lile ambalo daktari anaogopa kulijeruhi, na tunachopima ni kama amefika na amefika kwa muda gani.

Spika ndogo huingizwa kwenye tundu la sikio na kutoa milio mifupi, zaidi ya kumi kwa sekunde, huku sikio la pili likifunikwa kwa mvumo ili lisiibe jibu. Ndani ya milisekunde 10 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) baada ya kila mlio hutokea mawimbi matano yanayosomwa. La kwanza linatoka kwenye neva ya kusikia yenyewe, la tatu linatoka sehemu ya chini ya ponsi, na la tano, linalofika karibu milisekunde 6 baada ya mlio, linatoka juu ya ponsi ukielekea ubongo wa kati. La kwanza likibaki palepale na la tano likachelewa, kasoro iko njiani kati ya sikio na ubongo wa kati. Mawimbi yote yakipotea kwa ghafla, pamoja na la kwanza, mtaalamu hufikiria mambo mawili: ama damu inayolisha sikio la ndani imekatika, ama spika imechomoka.

Umeme wa jibu hili ni mdogo mno, chini ya mikrovolti moja, na umezama ndani ya umeme wa ubongo mzima na wa mashine za chumbani. Ni sawa na kumtafuta mtu anayenong'ona katikati ya Soko la Mgandini: ukimsikia mara moja huambulii kitu, ila akirudia neno lile lile mara elfu moja au mbili, kelele za wengine hufutana na neno lake hubaki. Kompyuta hufanya hivyo kwa kuchukua wastani wa majibu mengi, ndiyo maana matokeo mapya hayaji papo hapo bali huchukua dakika moja au zaidi. Daktari anayekijua kipimo hiki hupunguza mwendo wake sehemu ya hatari ili kipimo kimfikie.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: dawa ya kusafishia ngozi au maji ya kuoshea jeraha yakiingia sikioni, sauti inafifia. Kwa hiyo kabla ya kumfunika mgonjwa, spika huzibwa kwa nta ya mfupa na kufunikwa kwa plasta isiyopitisha maji, na nyaya zake hubandikwa shavuni ili zisivutwe mgonjwa anapogeuzwa.

Na kuchochea mikono na miguu?

Neva ya kifundo cha mkono au ya kifundo cha mguu huchochewa kwa umeme mdogo, na jibu husomwa kichwani. Kwa mkono jibu hufika karibu milisekunde 20, kwa mguu karibu 37. Kipimo hiki hulinda njia za hisia zinazopita medula na ponsi. Njia za mwendo hupimwa kwa kwenda upande wa pili: ubongo huchochewa kutoka juu ya fuvu na jibu husomwa kwenye misuli ya viganja, miguu, na, kwa upasuaji wa kisogoni, pia ya uso na ulimi. Njia hizi mbili hazikai pamoja ndani ya shina, hivyo moja inaweza kuumia huku nyingine ikionekana salama. Nashauri kutokubali maelezo ya "tutapima miguu" pekee bila kuuliza kama ni hisia, mwendo, au vyote viwili.

Kelele zinazotoka kwenye mashine ni za nini?

Ni misuli. Elektrodi huwekwa kwenye misuli inayotawaliwa na neva zilizo hatarini: kuzunguka jicho na mdomo kwa neva ya uso, taya kwa neva ya tano, kaakaa au nyuzi za sauti kwa neva ya kumi, bega kwa ya kumi na moja, ulimi kwa ya kumi na mbili. Umeme wa misuli hiyo hupelekwa kwenye spika, na daktari, macho yake yakiwa kwenye hadubini, husikia. Neva iliyotulia iko kimya. Ikiguswa hutoa mlipuko mfupi, na ikivutwa kwa muda hutoa mfululizo mrefu wa sauti za juu unaoendelea hata mkono ukiondolewa. Mfululizo wa aina hiyo kwenye neva ya uso unahusishwa na udhaifu wa uso baada ya upasuaji, na daktari makini husimama anapousikia.

Kinyume chake, neva iliyokatwa kwa wembe mkali inaweza isitoe sauti yoyote. Kwa hiyo ukimya pekee hauthibitishi usalama, na daktari huigusa neva kwa kijiti chenye umeme kidogo kuthibitisha kwamba bado inaitika.

Sakafu ya ventrikali ya nne hupimwaje?

Chini ya sakafu hiyo, karibu sana na uso wake, kuna viini, yaani vikundi vya seli ambamo neva huanzia, vya neva za uso, koo na ulimi. Vitabuni kuna vilima na mistari inayoonyesha vilipo, lakini uvimbe ukishasukuma, alama hizo huhama au hupotea. Daktari hugusa sakafu kwa ncha ya umeme, kwa mkondo ambao kwa kawaida hauzidi miliampia 2, na mtaalamu husema ni msuli gani umeitika. Mahali panapoitika hapakatwi.

Mipaka ya kipimo hiki lazima isemwe. Kinathibitisha njia kutoka kwenye kiini hadi kwenye msuli tu. Njia inayotoka ubongo mkubwa kuja kwenye kiini haipimwi hapa, inapimwa kwa kuchochea kutoka juu ya fuvu. Tena kumeza ni kazi inayohitaji hisia za koo kurudi kwenye shina pia, na upande huo haugusiki kwa kupima msuli. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye ulimi unaocheza vizuri chumbani bado hupimwa uwezo wa kumeza kabla ya kupewa uji.

## Usingizi na usalama

Kwa nini mtaalamu wa usingizi anatajwa kila mara?

Kwa sababu anaweza kuyafuta mawimbi yote bila daktari wa upasuaji kugusa kitu. Dawa za kulegeza misuli huondoa majibu ya misuli kabisa, hivyo baada ya kuingiza mrija wa kupumulia haziendelezwi. Dawa za usingizi za kuvuta kama gesi hudhoofisha majibu ya mwendo na ya hisia yanayosomwa kichwani, na kwa hiyo hupendelewa dawa za mshipani kama propofoli pamoja na dawa ya maumivu ya jamii ya fentanili. Mawimbi ya kusikia yanastahimili usingizi kuliko mengine yote, ila mwili ukipoa huchelewa.

Mgonjwa asiyelegezwa misuli anaweza kutikisika kidogo anapochochewa. Hiyo haimaanishi kwamba ameamka au anasikia maumivu.

Mapigo ya moyo hayatoshi kuonyesha kama shina limeguswa?

Yanasaidia sana, na mahali pasipo na mashine ya ufuatiliaji ndiyo tegemeo. Moyo ukipungua kasi ghafla, shinikizo likapanda au kushuka pale tu daktari anapovuta kitu fulani, mtaalamu wa usingizi hupaza sauti na mkono hutolewa. Mara nyingi mapigo hurudi mvuto unapoachwa. Neva ya tano ikiguswa hutoa ishara kama hiyo pia, bila shina lenyewe kujeruhiwa. Tatizo ni kwamba njia ya kusikia, ya uso au ya mwendo inaweza kuumia moyo ukiendelea kupiga kama kawaida.

Vipimo vyenyewe vina madhara?

Machache. Lililo la kawaida zaidi ni kuuma ulimi, kwa kuwa kuchochea fuvu hukaza taya. Kabla ya kuanza, vitambaa vya gozi vilivyoviringishwa huwekwa kati ya magego pande zote mbili, na ulimi hukaguliwa usiwe katikati yake, kisha hukaguliwa tena mgonjwa akishalazwa kifudifudi. Alama ndogo za sindano na michubuko hupona. Degedege hutokea kwa nadra.

## Mashine inapotoa onyo

Onyo ni kiasi gani, na linafuatiwa na nini?

Kwa desturi, timu huchukua hatua wimbi la kusikia au la hisia linapopungua kwa nusu ya ukubwa wake wa mwanzo, au wimbi la tano linapochelewa kwa nusu milisekunde hadi milisekunde nzima, au jibu la hisia linapochelewa kwa asilimia 10. Kipimo cha mwanzo ni cha mgonjwa mwenyewe, kilichochukuliwa baada ya kulala na kabla ya kufungua utando wa ubongo. Hakuna mtu mwingine anayelinganishwa naye.

Kinachofuata huwa ni mambo matatu kwa pamoja. Mtaalamu wa ufuatiliaji hukagua elektrodi, spika na nyaya. Mtaalamu wa usingizi husema kama ametoa dawa mpya au kama shinikizo au joto limeshuka. Daktari wa upasuaji husimamisha kazi, huondoa kibao cha chuma kinachosogeza serebelamu, huosha eneo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na huomba shinikizo la damu lipandishwe ikiwa liko chini. Kuvuta serebelamu kupita kiasi ni sababu inayojulikana sana ya neva ya kusikia kunyooka na kupoteza jibu, na mara nyingi kuilegeza kunatosha wimbi kurudi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo thamani yote ya kipimo ilipo. Mashine ya bei kubwa ambayo onyo lake halimsimamishi mtu haimlindi mgonjwa. Familia inayotaka kuuliza swali moja tu kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, na iulize hili: wimbi likipotea, nani atasema, na daktari atafanya nini?

Daktari anaweza kuamua kuacha sehemu ya uvimbe?

Ndiyo, na mara nyingi ni uamuzi wa busara. Uvimbe ulioshikamana na sakafu ya ventrikali ya nne, ukitoa onyo kila unapoguswa, unaweza kuachwa utando mwembamba na kufuatwa kwa mionzi, dawa au MRI za mara kwa mara kulingana na aina yake. Jambo hili lizungumzwe kabla ya siku ya upasuaji, ili ndugu wasije wakadhani kazi imeachwa njiani.

Mawimbi yote yalikuwa mazuri, lakini mgonjwa ameamka na tatizo. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia kadhaa. Kipimo huangalia njia zilizochaguliwa tu, na sehemu nyingine za shina hazina kipimo. Ubongo kuvimba kwa maji au kutoka damu kunaweza kutokea saa kadhaa baada ya nyaya kuondolewa. Pia kuna hali ya watoto kunyamaza kabisa, ambayo huanza kwa kawaida siku moja au mbili baada ya kuondolewa uvimbe wa katikati ya serebelamu. Katika medulablastoma huwapata karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Mtoto aliyekuwa akiongea hukaa kimya, hulegea na kulialia. Hali hii inatokana na njia zinazotoka serebelamu kwenda ubongo mkubwa, ambazo vipimo vilivyoelezwa hapa havizisomi. Maneno hurudi baada ya wiki au miezi, ingawa si kila mara kwa ufasaha wa zamani. Wazazi waambiwe mapema.

## Hali zisizo za kawaida

Mgonjwa wetu tayari hasikii sikio la upande wa uvimbe. Kipimo cha kusikia kina faida?

Kwa sikio hilo, kama wimbi halikuwepo tangu mwanzo, hakuna cha kufuatilia. Sikio la pili linaweza kutumika, kwa kuwa njia yake nayo inapita kwenye shina, na vipimo vingine vinaendelea kama kawaida.

Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kupimwa?

Anaweza, lakini njia zake za mwendo hazijakomaa. Majibu ni dhaifu, yanahitaji uchochezi mkubwa zaidi, na usingizi huyafuta kwa urahisi.

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au mwenye kifafa?

Wote wawili wataje hali zao mapema, ikiwezekana ziandikwe kwenye barua ya rufaa. Kuchochea kupitia fuvu kunaweza kuachwa au kufanywa kwa tahadhari, kwa kupima faida dhidi ya hatari. Mawimbi ya kusikia hayana shida kwao.

Kulazwa mkao wa kuketi kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha. Hewa huingia chini ya fuvu na kuyadhoofisha majibu yanayosomwa juu ya kichwa bila shina kuumia, na mtaalamu asiyelikumbuka hilo anaweza kutoa onyo lisilo la kweli. Hatari kubwa zaidi ya mkao huo ni hewa kuingia kwenye mishipa ya damu, na hiyo hufuatiliwa na mtaalamu wa usingizi kwa vifaa vyake.

## Kurudi Tanga

Tuombe taarifa gani kabla ya kuondoka Dar es Salaam?

Ombeni barua ya kuruhusiwa iseme ni neva zipi zilifuatiliwa, kama mawimbi yalibadilika, na kama yalirudi. Kwa uvimbe wa neva ya kusikia, iandikwe kama neva ya uso iliitika mwishoni, na kwa mkondo gani. Neva inayoitika kwa mkondo mdogo wa miliampia 0.05 hadi 0.1 karibu na shina ina matumaini mazuri ya kurudi, hata kama uso umelegea siku za mwanzo. Daktari wa Bombo akiiona taarifa hiyo anajua kama asubiri au awahi kumrudisha mgonjwa.

Jicho halifumbi na anapaliwa anapokunywa. Tufanye nini nyumbani?

Jicho lisilofumba hukauka, na kioo chake huweza kupata kidonda ndani ya muda mfupi, hasa kwa upepo na vumbi. Tumieni matone ya kulainisha mchana, mafuta ya macho usiku, na lifungeni kwa plasta laini wakati wa kulala baada ya kuhakikisha kope zimefunga. Likiwa jekundu, likiuma au kuona kukififia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Anayepaliwa asilazimishwe kunywa. Akae wima, apewe kidogo kidogo chakula kizito kiasi kama uji mzito badala ya maji matupu, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, sauti ikiwa ya maji maji, au akipata homa na kuhema haraka, huenda chakula kinaingia mapafuni, na hilo ni jambo la hospitali bila kusubiri kliniki. Vivyo hivyo maji maangavu yakivuja kisogoni au puani, kichwa kikiuma zaidi pamoja na kutapika, au akianza kusinzia kusiko kwa kawaida: nendeni Bombo mkiwa na ile barua mkononi.